Farasi Aliyeacha Kuchechemea

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mguu wa farasi. Twajua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, "Sisi tuna ng'ombe watatu na kuku. Farasi ni wa matajiri." Ni kweli. Nasi hatukuwa na farasi hata mmoja. Lakini farasi ndio waliotulea, kwa maana karo yetu ya shule, unga wetu, na viatu vyetu vya Krismasi vyote vilitoka katika mshahara wa baba yetu, naye alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja upande wa Limuru.

Sisi ni ndugu wawili, na kila tutakaposema "sisi" asubuhi hii ndio hao tunaowataja. Kosa tutakalowasimulia tulilifanya pamoja, na hata leo hatujakubaliana ni nani aliyefungua lango.

Kabla ya kufika kwenye kosa hilo, tafadhali inameni kidogo. Shikeni nyuma ya mguu wenu, juu tu ya kisigino. Hapo mtaona kamba ngumu chini ya ngozi. Hiyo ni kano. Kazi yake ni kuunganisha msuli na mfupa, ili msuli ukivuta, mfupa uitike. Sasa mfikirieni farasi. Mnyama huyu husimama juu ya ncha ya kidole kimoja katika kila mguu, na kwato ni ukucha wa kidole hicho. Lile tunaloliita goti la mguu wake wa mbele ni kama kiwiko cha kiganja chetu, pale tunapofunga saa. Kutoka hapo kwenda chini hakuna mnofu wowote. Kuna mfupa, kuna kano, kuna ngozi, basi.

Mnyama huyo ana uzito wa kilo 500 au karibu na hapo. Anapopiga mbio kwa nguvu zake zote, yako matukio ya nukta moja ambapo mguu mmoja tu wa mbele hubeba uzito unaozidi mara mbili uzito wa mwili wake mzima. Kifundo cha mguu hushuka karibu kugusa ardhi, na kano ya nyuma hunyooshwa kama mpira wa manati, kisha hurudi na kumrusha mbele. Ndiyo siri ya mbio zake. Ndiyo na hatari yake pia, kwa maana kati ya kunyooka kwa kawaida na kuchanika hapana nafasi kubwa. Tena kunyooshwa huko huleta joto. Wataalamu wamepima joto ndani ya kano ya farasi anayekimbia wakakuta lafika nyuzi 45, na huko katikati ya kano damu haipiti kwa wingi ili kuipoza. Kwa hiyo kano huchakaa kidogo kidogo, kwa miaka, pasipo dalili yoyote. Siku inapochanika watu husema, "Ameumia leo." Mara nyingi alianza kuumia zamani.

Basi, mwezi wa Julai mwaka 1979, farasi mmoja maksai, mwekundu, aliletwa shambani kutoka kiwanja cha mashindano cha Ngong kule Nairobi. Alishuka kutoka kwenye lori akiuinua mguu wa mbele wa kushoto. Nyuma ya mguu huo, kati ya goti na kifundo, palikuwa pamevimba na kutokeza nje kama upinde uliovutwa. Watu wa farasi wakiliona umbo hilo hawaulizi maswali. Baba aliweka mgongo wa mkono wake hapo, akauondoa upesi.

"Moto," akasema.

Farasi huyo alikuwa na jina refu la Kiingereza lililoandikwa katika vitabu vya mashindano. Baba alimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu hakuvumilia kungojea chakula; alipiga mlango wa banda kwa kwato mpaka aletewe. Mwenye farasi hakuwa mtu mbaya, lakini farasi asiyefanya kazi hula sawasawa na yule anayefanya, na shamba lile halikuwa na fedha za kutupa. Alimwambia Baba mbele yetu kwamba atangoja mpaka mwisho wa mwaka uliofuata. Ikiwa mguu haujawa mguu, atampigia simu mtu wa bunduki.

Siku za kwanza kazi ilikuwa ya maji. Baba aliumwagia mguu maji ya mpira kwa dakika 20, mara tatu au nne kwa siku, na mwajua maji ya Limuru yalivyo mwezi wa Julai. Sisi tulishika mpira kwa zamu, vidole vikifa ganzi, huku Bwana Mkubwa akisimama kimya kana kwamba ndiye aliyetuajiri. Baada ya maji, pamba nyingi, kisha bendeji kutoka kwenye kwato mpaka chini ya goti, imekazwa sawasawa kila mahali. Bendeji iliyokazwa mno mahali pamoja yaweza kuumiza kano kuliko mbio zenyewe. Baba alifunga na mguu wa pili pia, ule mzima. Tulipomwuliza kwa nini, alisema mguu mzima sasa unafanya kazi ya miguu miwili, na hakuna anayeuliza habari zake.

Daktari wa mifugo alikuja, akatoa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, akaagiza nafaka ipunguzwe na nyasi kavu ziongezwe. Farasi anayefungiwa ndani huku akilishwa kama mshindani hulipuka kama baruti siku atakapoona mlango wazi. Kwato nazo zilichongwa, kwa sababu kidole kikiwa kirefu mbele, kano ya nyuma huvutwa zaidi kila hatua. Na kwa kuwa farasi hachukui upweke vizuri, Baba alimtafutia mbuzi. Mbuzi yule alikula bendeji mbili. Lakini Bwana Mkubwa alitulia.

Wiki ya tatu aliacha kuchechemea.

Wapendwa, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri. Sisi tulifurahi, tukadhani kazi imekwisha. Baba hakufurahi. Alisema, "Sasa ndiyo hatari imeanza." Tulimwona kama mzee mwenye roho ngumu. Lakini alikuwa akisema jambo la kweli ambalo madaktari wote wa farasi wanalijua: maumivu huondoka mapema, na kano hupona baadaye sana. Farasi aweza kutembea vizuri baada ya wiki chache, lakini kano yake yahitaji miezi 9, au 12, au hata zaidi. Katika muda huo wote hakuna kinachomlinda mnyama isipokuwa busara ya yule aliyeshika kamba yake.

Mwajua nyuzi za katani zinavyokuwa zikimwagwa sakafuni? Zimelala huku na huku, na ukizivuta zinaachana. Ndivyo mwili unavyoanza kuziba mahali palipochanika. Huweka nyuzi za haraka haraka, dhaifu, zisizo na mpango. Miezi inapopita, nyuzi hizo hubadilishwa kwa nyingine zenye nguvu zaidi, nazo hulala upande mmoja, kufuata njia ya mvuto. Lakini zitajuaje njia ya mvuto ikiwa farasi amesimama tu? Kwa hiyo kumfungia mwaka mzima bila kutembea si dawa. Na zitashikamanaje ikiwa anaruka? Kwa hiyo kumwachia malishoni nako si dawa. Dawa ni kutembezwa kwa mkono, kwa kipimo, katika njia ngumu iliyo sawa, isiyo na matope wala mashimo.

Baba alikuwa na saa ya mkononi yenye kioo kilichopasuka. Alianza na dakika 5, mara mbili kwa siku. Kila wiki, kama mguu ulikuwa baridi na haukuvimba, aliongeza dakika 5. Kama ulikuwa na joto hata kidogo, hakuongeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali yake yote: saa mbovu, kamba, na mgongo wa mkono. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliugusa mguu mzima kwanza, kisha ule mgonjwa, ili mkono ulinganishe.

Wazee wawili wa jirani, watu wa mifugo tangu ujana wao, walikuja kumshauri kwa upendo. Walisema apashe chuma moto na kuuchoma mguu mistari, uvimbe utatoka. Kwa wafugaji wengi wa nchi yetu, kuchoma ni dawa ya kale, ya ng'ombe na ya mtu pia. Tusiwacheke, kwa maana kule Uingereza, nchi yenye vyuo na vitabu, madaktari wenyewe walichoma miguu ya farasi kwa vizazi vingi, na mwenye farasi hapa kwetu alikuwa akilifikiria jambo hilo hilo. Baba alikataa kwa upole. Aliwaambia wazee kwamba ameona farasi waliochomwa, na baadhi walipona, lakini kila aliyechomwa alipumzishwa miezi mingi ili kidonda cha moto kikauke. "Naona ni yale mapumziko yaliyomponya," alisema, "na chuma kikapewa sifa." Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, waliokuwa wamechunguza jambo hilo kwa makini, walichapisha kwamba kuchoma hakusaidii kano kupona. Baba hakujua Bristol ni wapi.

Sasa tufike kwenye kosa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Baba alipata habari ya msiba wa ndugu yake huko kwetu magharibi. Ilimpasa aende, na safari pamoja na mazishi ingemchukua wiki nzima. Sisi tulikuwa tumefunga shule. Mkubwa alikuwa na miaka 14, mdogo 12. Alitukabidhi kamba na saa. Bwana Mkubwa alikuwa amefika dakika 40, kutembea tu, asubuhi na jioni. Baba alirudia neno "kutembea" mara nyingi hata tukachoka kulisikia.

Siku tatu tulifanya kama tulivyoambiwa. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku, na asubuhi jua lilitoka, nyasi ziking'aa. Mguu ulikuwa baridi. Tuliugusa wote wawili. Farasi alikuwa akicheza mwisho wa kamba, akiinua kichwa, akipuliza puani. Tulimwonea huruma. Twataka mjue hilo: haukuwa utundu, ilikuwa huruma. Tuliambiana, "Amefungwa miezi mitano kama mwizi. Na haumwi tena." Lango la malisho lilikuwa pale pale njiani. Mmoja wetu alilifungua, na mwingine akafungua kamba.

Jinsi alivyokimbia! Hatujaona tena kitu kizuri namna ile. Alikwenda shoti mpaka mwisho wa ua, akageuka kwa ghafla penye utelezi, akarudi, akageuka tena. Tulipiga makofi. Mara ya tatu alipunguza mwendo mwenyewe, akaja kusimama karibu nasi, jasho likimtoka. Hakuchechemea. Tulimrudisha bandani tukamsugua, tukasema, "Unaona? Amepona."

Jioni mguu ulikuwa vuguvugu. Asubuhi ulikuwa wa moto.

Tulimwagia maji. Tulifunga bendeji. Hatukumwambia mtu. Mwenye farasi alipita siku ya pili akauliza hali, tukasema, "Hajambo, Bwana." Tulisema uongo huo tukiwa tumesimama mbele ya mguu ili asiuone. Usiku hatukulala. Tulijua habari ya mtu wa bunduki, tena tulijua kwamba Baba ndiye atakayeulizwa, na kwamba nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba, si yetu. Tuliomba. Kusema kweli, tuliomba Baba achelewe.

Hakuchelewa. Alifika jioni, na vumbi la safari lingali katika nguo zake, akaenda bandani kabla ya kunywa maji. Sisi tulibaki mlangoni. Aliugusa mguu mzima. Kisha akaugusa ule mwingine, na mkono wake ukakaa pale. Alikaa ameinama muda mrefu sana. Alipoinuka hakutuuliza kitu. Ni sisi tuliosema, mmoja akianza na mwingine akimalizia, tukilia.

Tulingoja fimbo. Baba alisema, "Leteni maji." Tulimwagia maji dakika 20. Baadaye alivaa koti lake la kanisani, akapanda mpaka nyumba kubwa, akamwambia mwenye farasi kwamba mguu umerudi nyuma, na kwamba yeye ndiye aliyewaachia watoto kazi ya mtu mzima. Hatukujua siku ile kwamba alisema hivyo. Tulijua miaka mingi baadaye. Mwenye farasi alimkata mshahara wa wiki ile aliyokuwa msibani, na akasema siku ya mwisho haitasogezwa.

Wiki kadhaa zilipita za maji na bendeji na kusimama. Kisha, asubuhi moja ya Januari kabla hatujarudi shule, Baba alituita, akampa mkubwa kamba, na mdogo akampa saa.

"Leo ni dakika tano," akasema.

Tulitaka kulia tena. Dakika 5! Miezi mitano ilikuwa imefutika kama maandishi ubaoni. Lakini alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wiki iliyofuata zikawa 10. Mwaka ule wa 1980 twaukumbuka kwa hesabu hiyo. Katika likizo ya Agosti alikuwa amefika dakika chache za mchakamchaka katikati ya mwendo wa kutembea, na hizo nazo ziliongezwa kwa kijiko. Hatukuomba tena kuachiwa peke yetu, wala Baba hakutunyima. Alituacha peke yetu mara nyingi, na hilo lilitushangaza kuliko fimbo ambayo hatukupigwa.

Mwezi wa Desemba daktari alirudi. Alimtazama farasi akienda na kurudi katika njia ngumu, akaushika mguu, akaubonyeza. Palikuwa na unene ambao hautaisha, alisema, na farasi huyu asirudi Ngong. Kovu la kano huwa gumu kuliko kano ya kwanza na halinyooki vizuri. Akikimbizwa kama zamani yaelekea atachanika tena, pale pale au jirani yake. Lakini kwa kazi nyepesi ni mzima. Mwenye farasi alinyamaza. Sisi tulikuwa nyuma ya pipa la maji, tumeshikana mikono. Kisha akamwuliza Baba, "Aweza kubeba mtoto?"

Baba akasema, "Ndiyo, Bwana. Akitembezwa."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1981, gazeti la kutoka Uingereza lilifika shambani likiwa limechelewa kama kawaida, na mwenye farasi mwenyewe alimsomea Baba habari iliyokuwa ndani yake. Farasi aitwaye Aldaniti, mwenye miaka 11, alikuwa ameshinda Grand National tarehe 4 Aprili kule Aintree, mbio za zaidi ya kilomita 7 na viunzi 30. Farasi huyo alikuwa amesumbuliwa na miguu maisha yake yote, na mwezi wa Novemba mwaka 1979 kano yake ilivunjika tena, hata watu wakamwandika kama aliyekwisha. Na mpanda farasi wake, Bob Champion, mwaka ule ule wa 1979 alikuwa amegunduliwa kuwa na kansa. Alitibiwa kwa dawa kali zilizomdhoofisha sana. Wote wawili waliuguzwa kwa miezi mingi, mtu hospitalini na farasi bandani. Mkufunzi Josh Gifford aliwangojea wote wawili, na aliahidi kwamba nafasi ya Champion haitapewa mtu mwingine. Katika kiunzi cha kwanza Aldaniti aliruka vibaya, karibu pua iguse ardhi. Akainuka, akaendelea, akamshinda Spartan Missile kwa urefu wa farasi wanne.

Watu wa shamba walipiga vigelegele kana kwamba Aldaniti ni mzaliwa wa Limuru. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Nani alikuwa akimtembeza?" Gazeti halikusema.

Twawaambia ukweli wote, kwa maana hadithi ya Aldaniti hupendwa kusimuliwa nusu. Mwaka 1982 alirudi Aintree akaanguka katika kiunzi cha kwanza. Hakushinda tena pale. Mwaka 1987 alitembea kutoka London mpaka Aintree, kutembea tu, akipandwa na watu wengi kwa zamu, ili kuchanga fedha za utafiti wa kansa, na fedha nyingi zilipatikana. Alikufa mwaka 1997 akiwa mzee wa miaka 27. Na kwa kila Aldaniti wako farasi wengi wasiorudi mbioni, na katika wanaorudi wengi sana huumia mahali pale pale.

Siku hizi uko msaada ambao Baba hakuwa nao. Kuna mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha ndani ya kano, na mahali palipochanika huonekana kama tundu jeusi. Madaktari hupenda kuangalia baada ya kama wiki moja, kwa sababu siku ya kwanza tundu laweza kuonekana dogo, nalo lingali linapanuka. Tangu miaka ya 2000 kuna madaktari wanaochota uboho katika mfupa wa farasi mwenyewe, wakakuza seli zake na kuzidunga katika tundu hilo. Ni kazi ya ajabu, nasi twamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa. Lakini sindano hiyo ikishadungwa, farasi hurudishwa bandani, na asubuhi mtu hushika kamba na kuangalia saa. Mkiwa na punda aliyevimba nyuma ya mguu baada ya mzigo mzito, fanyeni hayo hayo mkimngoja daktari: mshusheni mzigo siku ile ile, maji ya baridi, mahali pa kutulia. Na akiacha kuchechemea, msimrudishie mkokoteni wiki hiyo.

Tukiwa katika makanisa yetu twamkumbuka Bwana Mkubwa mara nyingi kuliko tunavyosema. Ndugu mmoja anaacha pombe. Wiki ya tatu amenyoa, amevaa tai, anatoa ushuhuda, nasi twapiga makofi, twamfanya mweka hazina na kumtuma mjini na fedha za harambee. Anapoanguka twasema hakuokoka sawasawa. Mama anafiwa na mumewe. Tunajaa kwake siku za matanga, na siku anapocheka kidogo kanisani twaambiana, "Amepoa, Bwana asifiwe," na hakuna mguu wetu unaokanyaga tena mlango wake. Ni nani kati yetu aliyeweka mgongo wa mkono? Twajua uko na upande wa pili. Wako waliofungiwa bandani miaka kumi kwa kosa la siku moja, hawapewi hata dakika 5 za kusoma matangazo. Hao nao kano zao hazitanyooka kwa kusimama.

Bwana Mkubwa alibeba watoto wa shamba lile na wa majirani kwa miaka mingi. Hakupiga mlango tena kwa nguvu kama zamani, ila saa ya chakula alikumbusha. Sisi tulikwenda shule za mbali, tukarudi likizoni tukiwa tumerefuka. Kila tuliporudi tulimkuta Baba asubuhi ameinama bandani, kabla ya chai, mkono ukigusa kwanza mguu mzima, kisha ule mwingine. Mwaka 1986 mkubwa wetu alimwambia, "Baba, mguu ule ulipona zamani. Mbona bado wauangalia?"

Baba akasema, "Siuangalii. Namsalimu."